Mpya Nayo Inataka Mpya

Songea hii, ukitaka kujua kampuni ya vishikwambi itatoa nini mwaka huu, huendi kwa wasomi. Unakuja kwangu. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Shule niliishia darasa la saba, tena la kijijini, nusu ya muhula tulikuwa kwenye shamba la tumbaku la mwalimu. Lakini leo watu wenye digrii zao wanasimama mbele ya kioo cha duka langu na kuniuliza kwa sauti ya chini, kama wagonjwa mbele ya daktari: "Bosi, ninunue hiki au nisubiri kipya?" Nikisema subiri, wanasubiri.

Nilianza na boksi la chaja pale stendi, nimelining'iniza shingoni kwa kamba ya katani. Sasa nina fremu mbili karibu na soko, taa za kutosha, na kiti cha kuzunguka. Hakuna aliyenishika mkono. Nayasema haya mapema ili ujue kwamba nikizungumza habari za kampuni sibahatishi.

Kampuni niliielewa kwa mahindi. Baba yangu alikuwa akichagua mahindi bora, anayatundika juu ya moshi wa jiko, mvua zikifika anapukuchua na kupanda. Ikaja mbegu ya pakiti. Inazaa, hilo sikatai, lakini ukirudia kupanda punje zake msimu wa pili zinakugomea. Lazima urudi dukani, na huko unakuta pakiti ina namba nyingine na picha ya hindi nono kuliko la mwaka jana. Kampuni ya vishikwambi ni hivyohivyo. Mwaka huu wanakupa kioo kikubwa, kalamu wanaificha. Mwakani wanakupa kalamu, chaja wanaitoa kwenye boksi. Hawakupi vyote, maana ukishapata vyote hutarudi.

Mtu pekee aliyethubutu kunibishia ni mtani wangu. Alikuwa fundi cherehani, mashine yake ilikaa kibarazani kwangu tangu nilipofungua duka. Yeye Mbena, baba yake alishuka kutoka Njombe, mimi Mngoni. Babu zetu walichomana mikuki, sisi wajukuu wakatuachia matusi. Asiyejua utani akipita pale kibarazani angedhani tunachukiana. Aliniita mla panya mbele ya wateja wangu. Nami nilimwambia Mbena hana haja ya suti, ashone blanketi lenye mifuko ya viazi.

Jioni aliacha cherehani na kwenda parokiani. Alikuwa mwalimu wa kwaya, na nyimbo alitunga mwenyewe, maneno na nota, sauti zote nne. Mimi nota sizijui, naona vijidudu tu kwenye waya. Lakini nilipomsikia akipiga mluzi huku anapindua kola, nilikuwa nazima redio ya dukani.

Nyimbo zake zote zilikuwa kwenye karatasi, ndani ya mfuko wa plastiki juu ya kabati, nyumbani kwake Bombambili. Mvua za mwaka jana upepo uliinua bati la chumbani. Walipokuja kuona, karatasi zimekuwa donge, wino umekuwa chai. Hakulia. Aliuanika ule uji kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, ukakauka, hakuna kilichosomeka. Mkewe, shemeji yangu, akamwambia anunue kaunta buku aanze upya, maana nyimbo zimo kichwani.

"Karatasi tumeachana," akajibu. "Nitaandika kwenye kioo. Kioo hakilowi."

Akaja kwangu kujaribu kishikwambi nilichokuwa nacho. Kalamu yake ilikuwa inauzwa peke yake, na ukiandika, wino ulifika umechelewa, kama mtu anayekufuata huku anachechemea. Alichora nota moja, akaitazama inavyojivuta.

"Hii imekunywa ulanzi," akasema. "Mpya inatoka lini?"

Nikamwambia ninachokijua. Kwamba toleo linalokuja litakuwa na kalamu ndani ya boksi, kwamba itaandika bila kuchelewa, kwamba kioo kitakuwa na upana wa karatasi ya kwaya. Nilikuwa nimepima mwenendo wao: toleo lililopita waliongeza betri, la kabla yake kamera. Kalamu ndiyo ilikuwa imebaki. Wasipoitoa sasa, wenzao watawazidi.

"Unaongea kama mkwe wao," akasema.

"Mkwe hakai na Mbena kibarazani. Subiri."

Akasubiri. Na sisi sote tukasubiri naye, maana alikigeuza kile kishikwambi kuwa habari ya mtaa. Kila alasiri alinitaka nifungue simu nimsomee tetesi. Leo wanasema kitakuwa chembamba, kesho wanasema kampuni itatoa kidogo kwanza ili watu wakichoke wanunue kikubwa. Mwalimu mmoja mstaafu, aliyekuwa akipita kununua vocha, alisimama siku moja akasikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo mwalimu," tukasema wote wawili.

"Marahaba. Hivi nyie mnangoja kishikwambi au mnangoja Masihi?"

"Masihi alishakuja, mwalimu," fundi akasema. "Huyu mla panya ndiye hajapata taarifa."

Tulicheka. Wakati ule tulikuwa tunacheka sana.

Kampuni ikasogeza tarehe. Nilikuwa nimesema watasogeza. Walikuwa bado na mzigo wa zamani maghalani, na hakuna mwenye duka anayeleta ng'ombe mpya kabla nyama ya jana haijaisha. Nilijivunia kupatia. Fundi alikuwa ameanza kukonda. Suruali yake mwenyewe aliipunguza kiuno, halafu akaipunguza tena, nami nikamwambia ameanza kujishonea jeneza la kitambaa.

Hapa ndipo mtu wa kabila lisilo na utani atashindwa kunielewa. Mtani hakwambii kitu kikavukavu, na wewe hukipokei kikavukavu. Alikuwa akitoa kifuko cha dawa mfukoni, anaviangalia vidonge vyake kiganjani, anasema kwa sauti wateja wasikie: "Wanasema sina tableti. Ninazo nyingi, ila zote za kumeza." Watu wakaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Siku nyingine akaacha kushona katikati ya mshono.

"Mtani, hiyo ya kwako itatoka mimi nikiwa nimeshatoka."

"Toka," nikamwambia. "Nitalala kwenye kaburi lako, hawakuziki mpaka Wabena walete jogoo."

"Watakuletea panya."

"Panya wa Njombe hana mafuta, amekaa baridini. Nataka jogoo."

Alinitazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, kisha akarudi kwenye kanyagio la mashine. Nimeurudia mtazamo ule mara nyingi. Angekuwa ndugu yangu wa tumbo moja, angenivuta pembeni, angesema kaka, naumwa ini, daktari amenyoosha mikono. Nami ningeelewa. Lakini alikuwa mtani, na ukweli wote aliokuwa nao aliniambia kwa mlango alioruhusiwa kupita. Mimi nikaujibu kwa mlango huohuo. Nilidhani ndiyo adabu.

Aliacha kuja kibarazani mvua zilipoanza tena. Shemeji alipita dukani kuchukua mkasi na futi kamba, akaniambia bila kukaa: "Shemeji, mwenzio hali chakula. Anauliza tu kama kimetoka."

Kilikuwa kimetoka. Nami, kwa jina nililonalo, nilikuwa wa kwanza Songea kukipata. Kilipanda basi Dar kikanifikia kabla vijana wenye maduka makubwa hawajajua rangi zake. Nilifungua boksi kwa mkono wangu. Kalamu ilikuwa ndani. Kioo, upana wa karatasi ya kwaya. Wino haukuchelewa. Yote niliyosema, nilipatia yote.

Nikakifunga vizuri, nikapanda bodaboda mpaka Bombambili. Ilikuwa mchana. Alikuwa amelazwa sebuleni kwenye kochi, maana chumbani bati lilikuwa bado halijatulia. Macho yake yalikuwa ya njano kama kiini cha yai. Nilitaka kusema tusi la kuingilia, nikakosa. Yeye akaniokoa.

"Mla panya umechelewa. Leta."

Nilimwekea kishikwambi mapajani na kalamu mkononi. Shemeji akamwekea mto mgongoni. Nikakiwasha, nikachagua Kiswahili ili asihangaike. Kikatusalimu kwa rangi. Kisha kikaandika: *Toleo jipya linapatikana. Tafadhali subiri.*

Niliwaza nimekosea. Nikakizima, nikakiwasha. Maneno yaleyale, na mstari mwembamba mweupe umeanza kujaa upande wa kushoto. Kilikuwa kimetoka kiwandani na kampuni imeshatengeneza programu nyingine ya kuiweka ndani yake, na haikuturuhusu kuvuka hapo mpaka iingie. Nikajaribu kila njia ninayoijua, na mimi ndiye mtu anayejua njia. Hakikukubali.

"Kinasemaje?" fundi akauliza.

"Kinasema tusubiri toleo jipya."

Tumbo lake likaanza kutikisika, akacheka bila sauti, mpaka shemeji akamshika bega.

"Mpya nayo inataka mpya," akasema.

Mtandao wa Bombambili mnaujua. Nikaiweka simu yangu dirishani, kwenye ukingo, ndiko ilikoshika, iwe inavuta intaneti na kukipa kishikwambi. Tukakaa. Mstari ulikuwa unatembea kama konokono aliyebeba mzigo wa mwenzake. Mvua ikapita, ikaacha. Yeye akaanza kuimba kwa kinywa kilichofungwa, kalamu ikimpigia mapigo hewani, wimbo mmoja ambao sikuwahi kuusikia kibarazani. Aliimba sauti ya kwanza, akasimama, akaimba ya pili. Akafika besi, akashuka chini mpaka kifua kikakwaruza.

"Huu ni mpya," akaniambia. "Kwaya haijaupata. Nimeuanza nikiwa hapahapa kochini."

"Mzuri."

"Utajuaje, na masikio yamejaa manyoya ya panya."

Simu yangu ilikuwa dirishani inavuta intaneti. Nauza simu tangu ndevu hazijaota, kila siku naonyesha watu kitufe cha kurekodi. Haikunijia. Nilikuwa nakodolea ule mstari mweupe, namlaani mtu wa kiwandani nisiyemjua.

Ulipojaa, jua lilikuwa linashuka na yeye ameshasinzia, kalamu bado iko kati ya vidole. Kishikwambi kikafunguka, ukurasa mweupe safi, unangoja. Shemeji akamgusa.

"Kimekubali, baba."

Alifumbua jicho moja. "Kesho," akasema. "Mkono umechoka. Kesho nitaanza na huu mpya."

Asubuhi nilikuwa nafungua kufuli la duka wakati shemeji aliponipigia. Nikalifunga tena.

Siku ya maziko Wabena walinitazama wote, wananingoja. Kazi ya mtani msibani haina mbadala; usipoifanya unamdhalilisha marehemu, watu watasema hakuwa na mtu. Nikavaa futi kamba yake shingoni. Jeneza lilipofika kaburini nikajitupa mbele yake, kwenye udongo mwekundu, na shati langu la bei.

"Hazikwi," nikasema. "Huyu ameagiza mali dukani kwangu na hajaitumia. Ainuke."

Wakaanza kucheka, taratibu, wakijifuta machozi. Mama mmoja wa Kibena akanipiga na tawi. Nikainuka, nikatoa kishikwambi kwenye koti, nikakishika mbele yangu kama alivyokuwa akishika karatasi, kidevu juu, kiwiko nje, mkono mwingine ukikata hewa. Nilimjua kila kona ya mwili. Nikamwiga mpaka shemeji, aliyekuwa hajainua uso tangu asubuhi, akacheka kwa sauti halafu akakaa chini.

"Sauti ya kwanza," nikasema kwa sauti yake. "Mnachelewa kama kalamu ya zamani. Haya, ule mpya."

Ulikuwa mzaha. Nilidhani wataimba wowote. Lakini kwaya haikuanza. Yule anayeongoza sauti ya kwanza akaniuliza, naye alikuwa anauliza kweli, kwa sauti ya mtu anayetumaini:

"Aliuandika?"

Watu wote wakatazama kile nilichoshika. Nilikuwa nimekigeuza kwao bila kufikiri, na kila aliyekuwa mbele aliona: ukurasa mweupe, jua limeugonga. Utani ukaniishia mdomoni. Nilijaribu kuukumbuka wimbo niwape hata mstari. Nilipata ule mkwaruzo wa besi tu, mkwaruzo bila nota. Nikapisha jeneza.

Wakaimba wimbo wake mwingine, wanaoukumbuka. Ubeti wa tatu walikuwa hawana maneno, wakaupita kwa mdomo uliofungwa, kama alivyokuwa akiimba yeye pale kochini.

Kabla hatujaondoka wazee wa Kibena wakaniletea jogoo, amefungwa miguu, mwekundu, mkubwa. Haki yangu. Mtani wa kweli humla siku ileile na kulalamika kwamba mgumu. Yuko uani kwangu hadi leo, amenenepa, anawika saa zisizo zake, na mke wangu ameacha kuniuliza.

Kishikwambi nilimpa shemeji, akakataa, akasema ataona nini humo. Kwa hiyo kiko dukani, kwenye kioo, rafu ya juu. Wanakiulizia, nasema hakiuzwi. Cherehani iko palepale kibarazani, imefunikwa. Juzi kijana mmoja wa Ruhuwiko alisimama karibu nayo, akaniuliza swali la siku zote: anunue au asubiri, maana anasikia kampuni inaandaa kingine. Ni kweli inaandaa. Nimeshasoma tetesi, najua hata watakachokificha safari hii.

"Unataka cha nini?" nikamwuliza.

"Mama anataka kuona wajukuu. Wako mbali."

"Mama ana umri gani? Hajambo?"

Akacheka, akadhani namtania.

"Nimekuuliza," nikasema. "Hajambo?"