Nilivyokwenda Kajaga Kufuata Maji Mchangani

Michungwa yangu ya Ujiji ilikuwa inakufa, ndiyo maana nilisafiri. Miaka ile ya mwanzo ya uhuru kiangazi kilitupiga, kisima changu kikabaki na maji ya kubembeleza. Miti ile aliipanda marehemu mume wangu, na ndiyo iliyotulisha mimi na wanangu. Mdogo wangu Rajabu, fundi magari Bujumbura, akanitumia salamu: amepata dawa, mpira wenye vitundu, maji yanadondoka tone tone na mti unashiba. Nikasema liwalo na liwe, nitakwenda nikaone mwenyewe.

Kigoma nilipanda meli. Ziwa lilitulia, alhamdulillahi, maana mimi na mawimbi hatupatani.

Asubuhi, bandarini Bujumbura, Rajabu alinipokea kwa kelele. "Dada! Karibu!" Lakini nilipomuuliza habari za shamba lake la michungwa, akageuka kunipokea mzigo.

Kajaga, ufukoni kaskazini ya mji, nilielewa kwa nini. Pipa lilikuwa juu ya mawe, mpira umelazwa vizuri, kila shina na kitundu chake. Ila majani, masikini! Yamejikunja, yamekuwa manjano.

"Rajabu, hii ndiyo dawa?"

"Mi naweka maji kila siku, dada. Miti inakauka tu. Kwa rafiki yangu wa Mutanga, mupira kama huu, miti iko mizuri sana."

Nilikasirika. Safari yote ile! Nikachukua jembe, nikachimba kando ya shina. Chini ya kitundu unyevu ulishuka wima, mwembamba kama mchi. Shubiri moja pembeni, mchanga mkavu kabisa, na mizizi midogo inayokunywa ilikuwa huko kwenye ukavu.

"Mbona umetoboa shinani tu?"

"Si mafuta unatia kwenye moteri? Apana pembeni."

"Ebo! Mti ni gari?" Tukacheka, ingawa nilikuwa karibu kulia.

Mchana tulikwenda Mutanga, mtaa wa mlimani, kwa yule rafiki, tukamwomba ruhusa ya kuchimba. Udongo wa mfinyanzi. Kitundu kilekile kimoja, lakini unyevu umetanda pande zote, mpana kama sinia.

Kesho yake, Kajaga, tulitoboa vitundu vingine na kuuzungushia kila mti mpira, pale kivuli cha majani kinapoishia. Rajabu akawa anafungulia maji kidogo, mara kwa mara, yasipotelee chini.

Nilirudi Ujiji na mpira begani. Safari hii nilichimba kwanza, nikamwaga maji na kutazama yanakokwenda, ndipo nikatoboa. Nilichojifunza ni hicho: uulize udongo kabla hujaugawia maji.

Michungwa ilichipua, isipokuwa mmoja, wa kwanza kabisa kupandwa na marehemu. Niliungoja, nikaukwaruza gamba kila asubuhi nikitafuta ubichi. Haukuwapo. Mwisho nikauvua mpira wake, nikauzungushia mchungwa uliokuwa kando yake, nikaketi palepale chini nikalia, na matone yakaendelea kudondoka.