Hodi Tatu

Kaka yangu aliuawa mlangoni kwake. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu, karibu na Ikwiriri. Alisikia hodi baada ya magharibi, akadhani ni mtu amefuata barua, akafungua. Tangu hapo, jua likizama, hodi kijijini kwetu haiitikiwi, hata ya shemeji.

Hali ilipotulia, uenyekiti haukuwa na mwenyewe. Nikaushika mimi, kwa ubishi zaidi kuliko ushujaa. Wakaja watu wa mradi kutujengea uwezo sisi viongozi wa vijiji. Siku tatu tulikaa kwenye ukumbi wa gesti, tukila pilau na kufundishwa kuandika mihutasari na kusuluhisha ugomvi. Mwalimu akabandika karatasi ukutani: mlango wa kiongozi uko wazi saa zote. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga kuliko wote. Wakatuachia bajaji ya kupeleka wagonjwa. Ufunguo wake nikautundika kwangu, nyuma ya mlango.

Masika yalikuwa yanaisha. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoa salamu ya magharibi, nikasikia hodi. Sauti ilikuwa kama ya jirani yangu, lakini hata kaka yangu aliitwa kwa sauti ya upole. Nikapunguza taa. Hodi ya pili nikaisikia nimeketi palepale kwenye msala, nimejiziba mdomo. Ya tatu ilikuja taratibu, kisha nyayo zikaondoka. Ndivyo tulivyofundishwa madrasa sote: usipoitikiwa mara tatu, rudi.

Kumbe alikuwa jirani kweli, mkewe ameshikwa na uchungu. Alimpakia kwenye baiskeli. Mtoto akazaliwa njiani, wala hakulia.

Baada ya maziko wazee waliniambia maji yakimwagika hayazoleki. Sikutaka methali. Nilimfuata jirani yangu, ufunguo nimeufunga kwenye pindo la khanga, nikamwambia nilikuwemo ndani.

"Nilijua, dada. Niliona taa inapungua."

Nikamwomba ufunguo akae nao yeye. Akaurudisha kiganjani mwangu, akanikunja vidole.

"Hata mimi nisingeitika," alisema. "Sasa nikauweke wapi?"

Heri angenitukana. Siku hizi magharibi ikiingia nakaa nje, barazani, ufunguo mkononi na taa inawaka, ili mwenye shida asihitaji kupiga hodi. Kila anayekatiza njiani namwogopa mpaka anisalimie.