Timu ya Vitumbua

Juzi nilikuwa nakwenda Sur harusini, huku huku Omani. Nilipofika Ibra, gari ikakata kona yenyewe kuelekea uwanja wa mpira, kama punda aliyezoea njia. Siku hizi pana nyasi za plastiki, taa, na vijana wanaolipwa mshahara kwa kucheza. Ukutani wamechora kipanga mkubwa, na jina lake kwa Kiarabu. Ndiyo timu yetu hiyo, ndugu yangu, ila mimi nilipokuwa kipa wake haikuwa na ukuta wala kipanga.

Miaka ya tisini tulicheza kando ya wadi, mto mkavu uliojaa changarawe, na magoti yangu yana alama mpaka leo. Tulikuwa watoto wa nyumba zilizotoka Unguja, pamoja na ndugu wawili waliozaliwa Bujumbura, ambao Kiswahili chao kilimvunja mbavu bibi yangu. Ramadhani kulikuwa na mashindano baada ya alasiri, wakati midomo imekauka na hasira ziko karibu. Kila timu ilifuturu hapohapo uwanjani. Wenzetu walileta tende na laban, maziwa ya mgando. Sisi tuliletewa vitumbua. Bibi alikuja kwa pikapu ya jirani, amepakata bakuli la vitumbua vya moto, juu kalifunika kawa, na iliki ikinukia mpaka golini. Nazi hazikupatikana, akitumia ya kopo huku akiisuta: "Tui gani hili, halina hata adabu!"

Basi wakatuita Vitumbua. Wakikasirika zaidi, hasa mshambuliaji mmoja mrefu, walituambia turudi kwetu Zinjibari. Na mimi Zanzibar sijapata kuiona hata siku moja! Iliniuma sana. Tulitaka jina kama la wenzetu, watu wajue kuwa na sisi ni wa hapa. Nahodha wetu akachagua kipanga, tukaandikishwa hivyo. Bibi alipoambiwa akasema, "Haya. Na huyo kipanga wenu atakula nini?"

Siku tuliyocheza na timu ya yule mrefu, mvua ilinyesha milimani na wadi ikashuka maji. Gari iliyobeba futari yao ikakwama ng'ambo. Bibi alikuwa keshafika. Adhana ilipolia, wao walikaa chini wakitazama mchanga, na sisi, sikufichi, tulifurahi. Nahodha akanyoosha mkono kwenye bakuli. Bibi akaupiga kofi.

"Mgeni kwanza!"

"Bibi, hawa wanatutukana!"

"Hata kama wanatukana, wamefunga au hawakufunga? Yallah, wapelekeeni."

Tukawapelekea. Yule mrefu alikula cha kwanza hajanitazama, cha pili akanitazama, cha tatu akacheka. Sisi tulibaki tukigawana nusunusu, na bibi akanywa maji tu akasema ameshiba.

Mechi yetu iliyofuata, mwenye kipaza sauti alipotangaza kipanga, watu wakaulizana ni timu gani hiyo. Upande wa pili wakasimama wale wale waliotutukana, wakapiga kelele, "Fitumbua! Fitumbua!", maana herufi ve hawaiwezi, Kiarabu hakina. Nahodha akenda mezani kwa wasimamizi wa mashindano, akaomba kipanga afutwe. Tangu hapo hata sokoni niliitwa kwa jina hilo, na niliitika kwa furaha.

Timu ilipokua, wakaja viongozi wapya wakaona jina la chakula ni aibu. Wakamrudisha kipanga. Bibi alikuwa ameshafariki, na sisi tumetawanyika Maskati na kwengineko. Kwa hiyo jina nililolililia utotoni sasa liko ukutani, kubwa, lina taa zake, na mimi nilisimama pale getini nikilitazama kama mtu aliyepotea nyumba. Nikageuka niondoke.

"Ya Fitumbua!"

Mtu mrefu mwenye ndevu za mvi alikuwa anakuja, kakunjua mikono. Tukakumbatiana. Hajui Kiswahili, ana neno hilo moja tu. Akaniuliza habari za bibi, nikamwambia. Akamwombea rehema, na mimi machozi yakanitoka, mtu mzima na dishdasha yangu, kanzu ya harusi.

Mwanawe, kijana aliyevaa jezi yenye kipanga, akamuuliza kwa Kiarabu neno hilo ni nini.

"Ni timu yako," akamjibu. "Hilo ndilo jina lake."