Niliruka na pikipiki mara tatu, majaji wakadhani ni kompyuta

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Hii nimeikalia kwa muda mrefu, leo nimeamua kuitoa. Siongezi chumvi. Jina la filamu nitaliacha kwa sababu bado naishi na wenyewe hapa Machakos, lakini hayo mengine yote ni vile yalitokea.

Mimi ni mwanamke wa boda. Nimebeba watu na magunia hapo Tala miaka sita.

Siku moja mzee anaitwa Kioko aliniona nikishuka barabara ya mawe na mama mmoja na mbuzi yake. Akanifuata mpaka stage. Nilidhani ni askari wa nguo za kiraia. Kumbe ni mtu wa stunts, yule mwenye hupanga vile watu wataanguka kwenye sinema na wasife.

Akaniambia kuna action movie inashutiwa kwari moja ya mawe huko Mlolongo, na star wao wa kike hajui hata kushika clutch. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuvaa nguo zake na kuendesha.

Nikakubali.

Scene yenyewe ilikuwa hivi. Unapanda ramp ya mbao na pikipiki, unaruka shimo, unatua nyuma ya lori lenye linatembea. Director alikataa mambo ya kompyuta. Alitaka mtu wa ukweli, chuma cha ukweli, vumbi ya ukweli.

Dereva wa lori alikuwa Kioko mwenyewe. Hakuamini mtu mwingine.

Tulifanya mazoezi wiki tano. Kwanza lori limesimama, halafu linatambaa, halafu mwendo wenyewe. Kila asubuhi alikuwa anapima na kamba na kuchora chaki chini. Akipata chaki imefutika, anaanza upya na sisi tunangoja kwa jua. Alikuwa mkali, lakini kila siku kabla niwashe injini aliniambia kitu moja: "Ukiwa na shaka hata kidogo, shika breki. Picha itangoja."

Mara ya kwanza nilitua vizuri. Lakini vumbi ilifunika kamera, hawakupata kitu.

Mara ya pili ramp iliteleza kidogo nikiwa juu yake. Sikufika ndani ya lori. Niligonga ubao wa nyuma na bega.

Mfupa wa bega ulivunjika. Kioko alikaa na mimi hospitali siku nzima. Mama yangu alipofika alimwangalia tu, akageuka upande wa dirisha.

Baada ya miezi nne nilirudi.

Najua mtauliza kwa nini. Mama pia aliuliza. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kuogopa mpaka bumps za Tala. Niliona nisiporuka hiyo kitu, hata boda nitaacha.

Mara ya tatu iliingia. Nilisikia tairi ikigusa ndani ya lori, nikasikia Kioko akipiga honi kama mtu wa harusi. Wale wa kuvunja mawe kwari walikuwa wameweka nyundo chini kutuangalia.

Sasa tuje kwa tuzo.

Filamu iliingia kwa mashindano makubwa Nairobi. Tukaitwa wote. Kioko alinunua tai. Hapo ndipo nilisoma ile karatasi ya categories. Kulikuwa na ya muigizaji, ya muziki, ya nguo, ya make-up. Ya stunts hakuna.

Wakuu, mwenye alimpaka star vumbi usoni alikuwa na category. Mwenye alikula hiyo vumbi hakuwa nayo.

Filamu bora ilienda kwa story ya familia inagombana mezani. Ni kazi nzuri, niliitazama na nililia. Hao sina neno na wao.

Kilichoniuma ni tuzo ya muigizaji. Star wetu alishinda. Walipomwita jukwaani, kwa screen walionyesha kipande kimoja tu cha filamu. Ni mimi, juu ya lile shimo. Akashika tuzo na akasema kwa hii role alitoa mwili wake wote.

Watu wakasimama kumpigia makofi. Kioko pia alisimama. Mimi nilibaki nimekaa.

Baadaye tukinywa chai, jaji mmoja alikuja kutusalimia. Mtu mpole tu. Kioko akamuuliza waliona aje ile scene ya lori. Jaji akasema waliifurahia, ila jopo lilikubaliana kwamba siku hizi kompyuta inafanya kila kitu, kwa hivyo hawakuipatia uzito.

Kioko aliweka kikombe chini. "Huyu msichana alivunjika bega hapo," akasema.

Jaji akasema pole. Akasalimia meza ingine.

Star alinipigia simu wiki iliyofuata, akisema alichanganyikiwa jukwaani akasahau jina langu. Namuamini. Hakuwahi kulijua vizuri, aliniita "double", yaani yule wa kusimama mahali pake, mpaka tukamaliza.

Kioko aliandikia waandalizi barua. Wakajibu kwamba action ni burudani, na wao wanatuza sanaa. Kioko aliikunja barua yao, akaiweka mfukoni, na toka hapo hajafanya filamu ingine. Sasa anabeba ballast ya ujenzi kwa lori huko Mlolongo.

Mwezi jana yule director aliniita tena, movie mpya. Nikaenda na helmet yangu.

Waliniweka juu ya pikipiki imefungwa kwa vyuma, mbele ya kitambaa ya kijani, ile kompyuta huweka barabara baadaye, nikaambiwa niiname kushoto, niiname kulia. Nikauliza ramp iko wapi. Director akasema kama majaji hawawezi kujua tofauti, hana sababu ya kuvunja mtu mwingine. Alisema kwa upole.

Nikainama kushoto. Nikainama kulia. Hawakuwa wameweka hata petroli.

Chenye nimejifunza ni hiki: kabla utoe mwili wako kwa kazi ya mtu, uliza mapema jina lako litaandikwa wapi, na uone likiandikwa.

Kama uko kwa hizi kazi za nyuma ya kamera, sema yako hapa. Na kama unaona nalia bure, pia sema, nitasoma zote.