Nakala Zilizogoma Kufutika

Yule fundi nimemsamehe mdomoni tu. Kanisani nilisema yamekwisha, mchungaji akanishika mkono, lakini moyo haukuondoka ulipokaa. Sasa mimi ni mzee, sina wa kumdanganya.

Nilikuwa mfagiaji na mlinzi wa ofisi katika kiwanda cha kukamua alizeti, Kizota. Kilikuwa kiwanda cha umma, kikauzwa, na tajiri mpya akatupunguza kama mtu anayeng'olea miche ya mtama iliyosongamana. Mimi nikabaki, sijui kwa nini. Shule niliishia darasa la tatu kule Zuzu, maana ng'ombe wa baba walitaka mchungaji na mwalimu hakuwa na ng'ombe wa kunibembeleza nao. Kusoma nasoma, polepole, kidole kikitangulia.

Tajiri akaleta kompyuta. Ndani yake karani aliandika kila mkulima, magunia yake na zamu yake ya kukamua. Programu ya daftari hilo ilikuwa toleo dogo, lile la bure. Aliyeifunga ni huyo fundi, mwajiriwa wa tajiri, kijana wa Iringa, Mhehe, na mimi Mgogo, kwa hiyo mtani wangu. Kila siku saa saba mchana, watu wakiwa kwenye ugali, mashine ilitoa nakala ya daftari zima, ili likiharibika tuwe na la akiba. Nakala ikipitisha siku saba ilitakiwa ifutwe yenyewe, nafasi isijae. Ndivyo alivyotuambia akijipiga kifua.

Msimu wa mavuno mashine ikagoma. Haiandiki hata jina moja. Malori ya alizeti kutoka Mlali yamejipanga mpaka barabarani, wakulima wanatukana kwa Kigogo na Kiswahili, lugha zote mbili zikawatosha. Karani akachungulia ndani, akakuta nakala za miezi miwili zimerundikana, hakuna hata moja iliyofutwa, nafasi imejaa.

Fundi akaitwa. Akatazama mashine kidogo, akanitazama mimi sana.

"Ni Mgogo huyu! Akifagia anachomoa waya, mashine inazimika kabla haijafuta. Mtani, ungeniomba tu, si nyie Wagogo mmezaliwa mnaomba? Ningekupa waya ukauze."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, utani hauna kinyongo. Nikamjibu, "Afadhali mimi ninayeomba. Wewe ukipita mtaani, mbwa wanajificha wasiliwe."

Basi angeishia hapo, tungekuwa marafiki mpaka leo. Lakini akageuka kwa tajiri, na huko hakucheka: "Bosi, mzee huyu atolewe ofisini. Ataua mashine."

Tajiri akaniambia, "Wiki mbili. Nakala zikirundikana tena, unakwenda nyumbani."

Utani una mpaka wake, jamani. Mtani atakunyang'anya kofia, atalala ndani ya kaburi la baba yako mpaka umpe kuku. Hakutoi kwenye kazi inayolisha watoto wanne. Fundi akafuta zile nakala kwa mkono, akaondoka akipiga mluzi. Ule mluzi nausikia mpaka sasa.

Kwetu ng'ombe wakiibwa, watu hufuata nyayo. Zikiingia kijijini kwako, hawakuulizi kama wewe ni mwizi. Wanakuambia, tuonyeshe zilikotokea kwenda mbele. Ukishindwa, ng'ombe utalipa wewe. Nikasema, na mimi nitafuata nyayo.

Kwanza nikajiondoa mimi mwenyewe. Nikamwaga majivu laini chini ya soketi, nikamwambia karani, "Humu sifagii tena. Mguu wangu ukionekana kwenye majivu, useme." Karani huyo alikuwa binti wa mjini, wa ukoo wa wale Waislamu waliokuja na misafara ya zamani, mcheshi lakini hasemi uongo. Akakubali. Siku ya nane nakala zikawa nane. Siku ya tisa, tisa. Majivu yako vilevile, hata mende hajapita.

"Binti," nikamwambia, "nakala zinaingia kila siku, kwa hiyo umeme upo. Nani anayezifuta?"

"Programu yenyewe, baba."

"Nionyeshe anapokaa."

Akatafuta humo ndani, hakuna. Akafungua kitabu cha maelekezo, akasoma, akaguna. Kumbe toleo kubwa, la kununua, lina msimamizi wake ndani, anayeamsha kila kazi kwa saa yake. Toleo dogo halina. Fundi alilazimika kuziandika kazi hizo kwenye ratiba ya kompyuta yenyewe, moja ya kunakili, moja ya kufuta. Karani akaifungua ratiba. Ile ya kunakili iliandikwa kwa jina la ofisi, inakwenda vizuri. Ile ya kufuta iliandikwa kwa jina la fundi mwenyewe, na kila siku jibu ni lilelile: imekataliwa, neno la siri si sahihi.

"Ilianza kukataliwa lini?"

Akasoma tarehe, ya zaidi ya miezi miwili nyuma, akapiga paja. "Wallahi, ni siku ile! Alinikuta nacheza karata humu kwenye kompyuta kwa jina lake, akabadilisha neno la siri kwa hasira!"

Alibadilisha kwake, akasahau kuiambia kazi ya kufuta. Ikawa kila siku inakuja na neno la zamani, inafukuzwa.

Karani akashika simu amwite. Nikamzuia. Hapo sitajitetea: nilitaka watu wengi. Nikangoja siku tano mpaka wiki mbili zitimie, tajiri aje, uwanja ujae wakulima.

Siku hiyo fundi akaingia anacheka. "Mtani, umefungasha?"

"Nimefungasha. Nyayo zimeingia kwako, nionyeshe zilikotokea."

Karani akamfungulia ratiba mbele ya tajiri. Fundi akasoma.

"Hii... ni kitu kidogo tu, bosi."

"Kidogo kama mimi," nikasema. "Sema kwa sauti, wa Mlali hawajasikia. Nani alizuia nakala zisifutwe?"

"Mzee, tuongee pembeni."

"Mbona mimi hukunipeleka pembeni?"

Akasema, "Ni mimi." Nikamwambia arudie. Akarudia. Akaiandika upya kazi ya kufuta kwa jina la ofisi, akaiamsha, tukaziona nakala zinabaki saba.

Tajiri akaniuliza, "Nimfukuze?" Aliuliza kwa dhati, ningesema ndiyo ingekuwa ndiyo. Fundi akanitazama kama mbuzi aliyefungwa.

Nikasema, "Abaki."

Watu wakanisifu huruma. Huruma gani? Aliyefukuzwa husahau. Huyu alibaki miaka sita, na tajiri akakubali sharti langu: kila Jumatatu aje mlangoni kwangu, aseme shikamoo, anitajie nakala ziko ngapi.

"Saba, mzee."

"Sijasikia vizuri."