Koncheto ya Mkono wa Kushoto

Kinyozi huyu watu walimwita Koncheto, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Kibandani kwake hukai kitini mpaka uulizwe swali kuhusu koncheto, zile tungo ambamo piano moja inajibizana na okestra nzima. Ukipata, unachagua stesheni ya redio. Ukikosa, anachagua yeye. Basi wateja walisikiliza piano mwaka mzima, maana nani angejua mambo hayo?

Mkewe ndiye aliyechoka zaidi. "Baba Watoto," alikuwa akisema, "hao watunzi wako wafu na wao tuwapikie?"

Kisha kiharusi kikampitia. Kilimwachia kila kitu, porojo zikiwemo, ila mkono wa kulia ukagoma. Kibanda kikafungwa. Koncheto akabaki sebuleni kutazama ukuta, hata redio hataki, na ukimya huo ulimtisha mkewe kuliko ugonjwa wenyewe. Aliona mumewe anamponyoka hivihivi.

Asubuhi moja akamsimamia mbele, mashine ya kunyolea mkononi.

"Baba Watoto, nani alitunga koncheto ya mkono wa kushoto pekee?"

"Ravel," akajibu bila hata kufikiri. "Kwa ajili ya mpiga piano aliyepoteza mkono wa kulia vitani."

"Wa kwako umepotea?"

"Upo."

"Basi unadeka tu." Akamshikisha mashine kwa mkono wa kushoto, akavuta kigoda, akafungua kilemba. "Haya, anza na mimi."

Machozi yakamlenga Koncheto. Lakini sheria ni sheria. "Sinyoi mtu bila swali, mama. Beethoven: koncheto namba moja na namba mbili, ipi aliianza kwanza?"

"Namba mbili. Ilichelewa kuchapishwa, ndiyo maana ikapewa namba hiyo. Si ulinieleza siku ya harusi yetu, watu wanatuimbia?"

Kumbe miaka yote ile ya kusonya, mwanamke alikuwa anasikiliza.

Mkono wa kushoto ukapotea njia karibu na sikio, ukarudi. Kazi ilipokwisha, kichwa kilikuwa kama bustani iliyopitiwa na mbuzi. Mama akajitazama kiooni, akacheka mpaka akakaa sakafuni, na Koncheto naye akacheka, kwa mara ya kwanza tangu augue.

Kilemba Mama akakiacha kigodani, akaenda sokoni hivyohivyo. Kila aliyemuuliza nani kamfanyia vile, alimjibu kwa sauti ya kusikika na jirani: "Mume wangu. Kesho anafungua."