Kioo cha Mke wa Tulia

Mpiga picha yule watu walimwita Tulia, maana ndilo neno alilomwambia kila aliyekaa mbele ya kamera yake: tulia, usipepese, nahesabu hadi kumi. Walikuja maharusi, walikuja wenye maduka na miavuli yao, hata maskini walioazima koti lake la ukutani ili watoke matajiri. Siku hizo ukiwa na picha ulikuwa mtu. Usipokuwa nayo, ulipita tu duniani.

Ila mganga hajigangi. Mkewe mwenyewe alimpiga picha mara moja tu, muda mfupi kabla hajafariki kwa uzazi, na kioo kilichonasa sura yake akakiweka kabatini bila kukichapa kwenye karatasi. Karatasi ilikuwa adimu, wateja ndio waliotangulizwa. Yeye kesho, keshokutwa, mtondo, hadi mtoto aliyeachiwa akawa mwali.

Wiki ya kuolewa kwake, binti akamwomba baba kitu kimoja tu: aione sura ya mama yake, ambaye hakupata kumwona hata siku moja. Tulia akafurahi, akafungua kabati. Kioo hakikuwamo.

Akakaa sakafuni. Vioo vilikuwa ghali, na picha ikishapita mwaka, yeye hukiloweka kioo kwenye magadi, akaisugua sura mpaka ikatoka, kisha akakipaka dawa upya. Dawa zenyewe zilikwisha kumla macho, na kwenye kioo kila mtu hutoka kinyume, uso mweupe na nywele nyeupe, wote wakafanana. Mwezi uliopita, alipoishiwa, alizoa vyote vya kabatini akavisugua huku akipiga mluzi. Kile cha mkewe hakuwahi kukitia alama. Alijisemea atakijua tu. Jamani, ujinga gani huu! Sasa palipokuwa na mkewe amekaa muuza nafaka na tumbo lake.

Binti alipoelezwa, alimletea baba yake maji, akaketi karibu naye.

"Basi nisimulie tu, baba. Alikuwaje?"

Tulia akaanza vizuri. Mrefu, mwembamba, paji pana, na kidoti shavuni.

"Shavu lipi?"

Akainua mkono, ukabaki hewani. Miaka yote macho yake yalipokuwa bado mazima alikuwa akimtazama mkewe kwenye kioo kile, na kioo ukikigeuza, kulia huwa kushoto. Akagusa shavu hili, akagusa lile.

"Sijui, mwanangu," akasema, na hapo ndipo binti alipoanza kulia.